Kaburi la Baba Mdogo Anaeli

Sekei, saa tisa alasiri

Mwanangu Aneth,

Umeenda kusuka na umesema utarudi kabla ya chakula, kwa hiyo nina saa tatu, labda nne kama yule dada wa saluni ataanza stori zake. Nimekaa kwenye meza yako kwa sababu yangu imejaa makaratasi ya chanjo za ng'ombe. Kabla sijamaliza mstari huu nimeshainuka mara mbili. Mara ya kwanza nilikwenda kuangalia maharage ambayo hata sijayabandika jikoni.

Habari za neti, ndoo na pasi sitakuandikia. Baba yako ameshakupa orodha, na wewe umeshaipoteza. Habari za wanaume nazo nilizisema mpaka ukaziba masikio, basi tuziache hapo.

Wiki nzima umekuwa ukiniuliza, "Mama, una nini?" nami nakujibu ni uchovu wa kazi. Juzi nilikusikia ukimwambia baba yako kwamba nazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ulisema kweli. Nina yai, na nimelibeba tangu kabla hujazaliwa.

Jambo lenyewe nalisema sasa hivi, nisijipe nafasi ya kukimbia. Kesho unapanda basi na babu yako. Jumamosi atakaa na wewe ukumbini siku ya kukabidhiwa ufadhili, na atakayekukabidhi ni Mama Dokta, mjane wa yule daktari aliyeanzisha mfuko. Mama Dokta anaamini kwamba babu yako alikufa kabla mimi sijaanza chuo. Anaamini hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia.

Nimeandika. Nimeinuka tena, nimeenda kufunga geti ambalo lilikuwa limefungwa.

Sikiliza ilivyokuwa. Mwaka niliomaliza kidato cha sita nilijaza fomu ya mfuko uleule kwa ukweli mtupu. Wazazi wote hai. Baba mkulima, kahawa na migomba, ng'ombe wawili. Nyumba ya matofali, bati juu. Kila neno lilikuwa kweli na kila neno liliniangusha, maana aliyeisoma aliona binti wa mtu mwenye shamba lake na nyumba yake. Hakuona kwamba kahawa ya mwaka ule ilishikwa na ugonjwa mpaka matunda yakakaukia mtini, wala kwamba matofali yale babu yako aliyafyatua kwa mikono yake, mia leo, mia mwezi ujao, kwa miaka. Nikakosa. Nikabaki nyumbani Poli mwaka mzima, nachuma kile kilichobaki na kukamua ng'ombe. Wenzangu walipokuja likizo, wamebadilika hata namna ya kucheka, nilikuwa najificha migombani mpaka wapite.

Mwaka huohuo baba mdogo Anaeli alifariki kwa homa ya mapafu. Alikuwa mdogo wake babu yako wa kumfuata. Hakuoa, aliishi nasi, na tulimzika palepale nyumbani, upande wa juu wa migomba, kama tunavyozika watu wetu wote. Kaburi lake unalijua. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukikalia ile saruji ukitafuna miwa, na babu yako hakukufukuza, alisema Anaeli alipenda watoto.

Mwalimu aliyetusaidia kujaza fomu mara ya pili hakuwa mtu mbaya. Aliniambia, "Dokta mwenyewe alikua bila baba. Fomu za yatima ndizo anazozisoma mpaka mwisho." Kisha akaenda chumba cha pili kutafuta kalamu. Aliporudi na kalamu, mimi nilikuwa nimeshaweka alama kwa ile iliyokuwa inafifia. Baba: amefariki. Sababu: homa ya mapafu. Nilimpa babu yako ugonjwa wa mdogo wake, kwa kuwa ndio niliokuwa nao karibu.

Ningependa nikuambie kwamba mkono ulitetemeka. Haukutetemeka. Nilikuwa na miaka ishirini na nilikuwa nimechoka kujificha migombani.

Hawakudai cheti cha kifo. Mfuko ulikuwa mdogo wakati ule, wa mtu na mkewe pamoja na marafiki wachache waliosoma nao, na utaratibu wao ulikuwa kwenda kumtembelea mwombaji nyumbani, wajionee kwa macho. Nilichagua siku ambayo bibi yako alikuwa kwao Machame akimuuguza mama yake. Asubuhi ile nikafagia kaburi la baba mdogo, nikang'oa magugu, nikaweka shada kubwa la maua juu ya msalaba. Shada lilifunika jina lake na kuacha jina la ukoo tu. Nililisogeza mara tatu mpaka likakaa ninavyotaka.

Babu yako aliniona. Akasema, "Umefanya vizuri kumkumbuka Anaeli." Nikamwambia wageni wa chuo wanaokuja wana desturi ya kutoa heshima kwa marehemu wa nyumba kabla ya mambo mengine. Hakuuliza watu wa chuo kikuu wamemjuaje Anaeli, mtu ambaye safari yake ndefu ilikuwa gulioni Tengeru. Aliniamini. Akaenda kuchinja mbuzi.

Wakaja. Dokta alikuwa mrefu, mpole, anaongea kama anayeogopa kumwamsha mtu. Tukawapeleka moja kwa moja kaburini. Babu yako alivua kofia. Mama Dokta akamshika mkono.

"Pole sana, mzee. Wewe ni nani wake marehemu?"

"Ni mdogo wangu. Tumbo moja."

"Pole. Na asante kwa kumlea huyu binti."

Babu yako akacheka. "Sasa nisipomlea mimi, nani?"

Dokta akavua miwani, akafuta macho. Akaomba kwa sauti, sala ndefu, bila kutaja jina, ya kumweka marehemu mikononi mwa Mungu, na babu yako akaitikia amina kwa sauti kuliko sisi wote. Nami nilikuwa nimesimama nyuma yao na sinia ya glasi. Babu yako hakusema uongo hata mmoja siku ile. Wote niliusema mimi, na mbele yao sikufungua mdomo.

Walikula ndizi na nyama mpaka Dokta akafungua kifungo cha koti. Walipoondoka babu yako aliniambia, "Hawa ni watu. Wamekuja kutoka huko kote kumlilia Anaeli." Aliirudia habari hiyo kanisani, akairudia kwenye vikao vya ukoo, miaka na miaka. Mdogo wake, ambaye hakufika hata darasa la nne, alililiwa na wasomi. Ilikuwa sifa ya nyumba. Umeisikia mwenyewe akiisimulia, na mimi huwa natoka nje kwenda kuangalia kitu.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenichukua zaidi ya miaka ishirini na bado inaendelea, kwa hiyo naona wahenga hawakuwahi kukutana na mtu aliyepata ufadhili.

Maana mwanangu, uongo ule haukuisha kwenye fomu. Kila muhula tulitakiwa kuwaandikia wafadhili barua ya shukrani. Wenzangu waliandika nusu ukurasa, alama zangu hizi hapa, Mungu awabariki. Mimi niliandika kurasa tatu. Niliandika jinsi ninavyomkumbuka marehemu baba kila kahawa inapochanua. Nikaandika kwamba kofia yake bado inaning'inia mlangoni. Dokta akaisoma barua ile mbele ya mkutano wa wahitimu, watu wakalia, nikaitwa mbele. Nilijiona mwandishi. Wiki ileile babu yako alikuwa ametuma kwa basi gunia la ndizi na maparachichi, na kikaratasi chenye maneno mawili tu: "Kula. Usikonde." Niligawa maparachichi bwenini. Kikaratasi nilikitupa, nikiogopa mtu akikiona ataniuliza kimetoka kwa nani.

Hilo ndilo linaloniinua kwenye kiti. Ule uongo wa kwanza ninaweza kuuelewa hata leo, njaa ya shule ni njaa. Huu wa pili sikuwa na njaa. Nilikuwa nimeshapata. Niliusema kwa sababu nilikuwa naumudu, na kwa sababu ulipendwa.

Sasa picha. Ile ya sebuleni, mimi na joho, Dokta kulia, Mama Dokta kushoto, mkononi nina ile tuzo ya mwanafunzi bora wa mifugo, ambayo pia ilikuwa ni yao. Ulikuwa darasa la pili uliponiuliza babu alikuwa wapi. Nikakujibu, "Ndiye aliyeshika kamera." Ukaenda kuwaambia watoto wa jirani kwamba babu yako ni mpiga picha. Babu yako, ambaye hata simu ya kubonyeza anaishika kama kifaranga!

Ukweli ni kwamba alikuwa Poli. Alikuwa ameshashona koti kwa fundi, koti la kahawia, lilelile unalolijua. Nilimpigia kwa simu ya mchungaji nikamwambia, "Baba, kadi zimeisha. Kila mhitimu amepewa mbili tu na zimeshachukuliwa na wafadhili." Akasema, "Sawa." Akauliza kitu kimoja tu: "Picha utaniletea?"

Nilimpelekea. Alisema Dokta amezeeka.

Nimetoka nje sasa hivi. Nimekwenda mpaka kwa mama wa nyanya, nimerudi bila nyanya.

Nikaanza kazi, nikaolewa, ukazaliwa, bibi yako akafariki bila kujua kwamba kuna mahali niliwahi kumwandika mjane. Dokta naye alipofariki, wahitimu tuliofadhiliwa tuliuendeleza mfuko. Mwaka mmoja wakaniweka kwenye kamati ya kuchagua. Mwanangu, usiombe kazi hiyo. Unakaa na rundo la fomu za watoto, na bila kujua unaanza kupanga misiba. Huyu amefiwa na mmoja, huyu na wawili, huyu wote hai, mpe alama chache. Nilikutana na fomu ya kijana mmoja wa Kisongo ambaye baba yake alikuwa hai, mfugaji, mifugo yote imekufa kwa ukame. Mwandiko mzuri, maneno machache, hajalia popote. Wenzangu walimpita. Nilisimama nikasema kigezo cha uyatima kiondolewe, tuangalie alama na hali halisi ya mtu. Unajua kilichotokea? Walinipigia makofi. Mwenyekiti akasema, "Tazameni, dada yetu mwenyewe alikuwa yatima lakini anawatetea wenye baba."

Niliketi. Kigezo kilibadilishwa, na kwa sababu hiyo wewe umeweza kuomba bila kumuua mtu. Mwaka uliofuata niliacha kamati, nikasingizia kazi.

Fomu yako niliisoma ulipokuwa umelala. Sikubadilisha hata nukta. Lakini kulikuwa na swali, je, kuna ndugu yako aliyewahi kufadhiliwa na mfuko huu, nawe ukaandika kwa herufi kubwa, MAMA YANGU. Nilikaa na mstari ule muda mrefu. Umepata kwa alama zako, naamini hivyo na walimu wako wanaamini hivyo. Lakini siwezi kuapa kwamba jina langu halikukusogeza mbele hata hatua moja, na jina langu kule ni jina la yatima.

Kisha ukaja mwaliko, mwanafunzi na mzazi au mlezi mmoja. Nilijua utanichagua mimi. Nilikuwa nimeshatunga sababu za kutokwenda. Ukasema mezani, na mdomo umejaa ugali, "Nataka Babu anisindikize. Hajawahi kuona chuo." Baba yako akasema ni wazo zuri. Mimi nikasema chumvi imepungua.

Wiki iliyopita nilimpigia simu babu yako. Nakuambia hili ujue mama yako ni mtu wa namna gani hata leo, na nywele hizi nyeupe. Nilimwambia, "Baba, nasikia ukumbi ni mdogo. Huenda wakapunguza wageni."

"Sawa," akasema. "Picha mtaniletea?"

Sauti ileile, Aneth. Hakulalamika, hakuuliza ni nani amepunguza. Amezeeka akiamini kwamba kumbi zote za dunia hii ni ndogo zikifika zamu yake. Nilikata simu nikakaa chini bafuni, na ulipogonga mlango nikakuambia naoga.

Leo asubuhi niliposema naenda sokoni Tengeru, sikwenda sokoni. Nilishuka njiani nikachukua bodaboda mpaka Poli. Babu yako alikuwa anapogoa kahawa. Nilichuma jani la sale, ule mmea wa mpakani, kama bibi yako alivyotufundisha kwa desturi ya kwao Machame, kwamba mwenye kosa akija na jani hilo hafukuzwi. Nikampa shikamoo nikamnyooshea jani.

Akalitazama. Akanitazama. "Weka chini hilo jani. Sema kwanza."

Nikasema. Nilisema kila kitu, fomu, shada, barua, kadi, na huku naongea yeye anaendelea kukata matawi, moja, lingine, mpaka nikaona amekata na yasiyotakiwa kukatwa. Nilipomaliza akaweka mkasi kwenye panda la mti.

"Nilikufa kwa nini?"

"Homa ya mapafu, baba."

"Ya Anaeli."

"Ndiyo."

Akatembea mpaka kaburini, akakaa kwenye saruji. Nilibaki nimesimama. Baada ya muda akaanza kucheka, kicheko kibaya kisicho na furaha, akasema, "Kwa hiyo mbuzi yule nilichinja kwenye matanga yangu mwenyewe." Halafu kicheko kikageuka. Sijawahi kumwona babu yako akilia, hata siku ya kumzika bibi yako. Nilitaka kumgusa nikaogopa.

Unajua alichokililia? Hakulia kwa sababu ya kufishwa. Alisema, "Miaka yote nimewaambia watu kwamba Anaeli alililiwa. Kumbe hakuna aliyemlilia." Akapapasa jina kwenye msalaba, lile nililolifunika mimi. "Huyu ulimnyang'anya msiba wake. Mimi ni mzima, nitajitetea. Yeye atatetewa na nani?"

Hilo sikuwahi kulifikiria, hata mara moja. Niliwaza miaka yote kwamba nimemkosea mtu mmoja.

Nikamuuliza kama bado atakwenda kesho. Akafuta uso kwa kofia. "Mjukuu wangu ameniita. Wewe unaingiaje?" Kisha akaongeza, "Lakini mimi sitamweleza yule mama. Wewe uliyeniua, wewe ndiye wa kunifufua. Kabla sijafika huko." Akarudi kwenye kahawa yake. Jani la sale liliendelea kukaa palepale chini, hakulikataa na hakuliokota, na mimi nikateremka kwa miguu mpaka barabara kuu kwa sababu sikuweza kukaa kwenye pikipiki nyuma ya mtu anayeniuliza habari za kutwa.

Nikampigia kwanza katibu wa mfuko. Nilidhani ataniokoa, nikiri kwake na yeye apeleke. Aliposikia akashusha sauti. "Dada, achana nayo. Kijarida kimeshachapwa." Ndani ya kijarida hicho, ambacho mtapewa mlangoni, kuna ukurasa wangu mzima, na kichwa chake ni "Kutoka Uyatima hadi Uongozi." Akasema, "Ukilifungua hilo sasa, kamati italazimika kuangalia na faili la binti yako. Mzee mwambie tu akae nyuma." Alisema kwa nia njema. Kila aliyenisaidia kusema uongo huu alikuwa na nia njema.

Saa saba nikampigia Mama Dokta mwenyewe. Alifurahi kusikia sauti yangu, na hiyo ndiyo ilikuwa ngumu kuliko yote. Nilisema haraka, nisije nikaanza kupamba.

"Yule mzee aliyetuchinjia mbuzi?"

"Ndiye baba yangu."

"Alikuwa anajua?"

"Hakujua mpaka leo asubuhi."

Nikamsikia anahema. "Mume wangu alimtaja baba yako kwenye sala zake mpaka mwaka aliokufa. Kwa jina." Kisha akauliza, "Mwanao anajua?"

"Nitamwandikia leo."

"Nitafikiri," akasema, na akakata bila kuniaga.

Hapo ndipo tulipo. Sijui atafikiri nini. Inawezekana Jumamosi ukakabidhiwa ufadhili wako kama ilivyopangwa. Inawezekana ukaitwa pembeni na kuambiwa faili lako linaangaliwa upya, siku yako ya kwanza, mbele ya wenzako, kwa kosa lililofanyika kabla hujazaliwa. Nimejiuliza tangu saa saba kama nilikuwa na haki ya kulipa deni la dhamiri yangu kwa kitu chako. Sijapata jibu. Ningeweza kungoja uhitimu. Lakini ningeweza kungoja kwa njia moja tu, kumwambia babu yako ukumbi umejaa, na siwezi kulisikia lile "sawa" mara ya tatu.

Kama watakunyang'anya ufadhili, una haki ya kunikasirikia, na usinikasirikie kwa adabu. Piga kelele. Chuo utasoma, mimi na baba yako tutahangaika, hiyo ndiyo kazi ya wazazi walio hai. Kama hutaki kwenda naye baada ya kusoma haya, niambie usoni leo, nami nitakwenda Poli kumwambia kwamba ni mimi niliyevuruga, si ukumbi.

Sina mengi ya kukufundisha kuhusu kupokea. Nilipokea vibaya. Nilidhani mtu anayekusaidia anataka umlipe kwa machozi, nikampa machozi mengi kuliko aliyoomba. Dokta pengine angenisaidia hata na baba yangu akiwa hai. Sikumpa nafasi ya kuwa mtu mwema wa namna hiyo, nikampa kaburi. Utaandika barua za shukrani na wewe, ni utaratibu. Waambie ulichosoma, ulichofeli, chakula cha kantini kilivyo. Ukiwa na furaha sema una furaha, hata kama hainogi kusomwa mkutanoni. Na watu wakikutumia ndizi, wataje.

Nimeanza tena kuonekana kama mhubiri, nami sina mimbari. Naacha.

Jumamosi Mama Dokta atazunguka kati ya viti kusalimia wageni, ndiyo kawaida yake. Atafika mlipokaa. Kama atakuwa amekasirika au amesamehe, sijui, lakini atasimama mbele ya babu yako na kumtazama usoni. Utatamani kusema kitu upesi, kupunguza aibu, kunitetea au kumtetea yeye. Nakuomba usiseme. Mimi nimekuwa nikimsemea kwa zaidi ya miaka ishirini. Wewe nyamaza, kaa karibu naye, umwache aseme mwenyewe kwamba ni baba yangu.

Mimi,
mama yako